Nani alipie mto safi? Tujadili tozo, vibali na sheria za majitaka

Mkondo (mleta mada)

Wakuu, kila mjadala wa mito michafu huanzia kwa mchafuzi na kuishia kwenye faini. Kiwanda kimemwaga, kitozwe, kifungwe, basi. Nimefuatilia kwa muda upande wa uchumi wa jambo hili na naamini tunaanzia pasipostahili. La kwanza ni kujua mto husika unaweza kubeba kiasi gani, sehemu gani na msimu gani. Ukishalijua hilo ndipo unaweza kusema nani apunguze kiasi gani, na nani alipe.

Nianze na maji yenyewe. Majitaka ya majumbani, ya machinjio, ya viwanda vya karatasi na vya sukari yamejaa mabaki yanayooza. Yakiingia mtoni bakteria huyala, na katika kuyala hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Maji safi ya nyuzi joto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Chini ya bomba la majitaka kiwango hicho huanza kushuka, ila hakifiki kikomo palepale. Hufika mbele zaidi, pengine baada ya mwendo wa siku kadhaa, kisha hupanda taratibu kadiri maji yanavyojivutia hewa mpya. Watafiti Streeter na Phelps waliuweka mwenendo huu katika hesabu mwaka 1925 walipouchunguza Mto Ohio nchini Marekani, na hadi leo hesabu yao imo ndani ya programu nyingi za wataalamu wa maji.

Sasa tazameni maana yake kwenye pesa. Kilo moja ya uchafu iliyomwagwa mahali mto una kasi na hewa ya kutosha haina madhara sawa na kilo iliyomwagwa karibu na pale oksijeni ilipokwisha kupungua. Kilo ya wakati wa mafuriko haina uzito wa kilo ya kiangazi. Na gharama ya kuiondoa hiyo kilo hutofautiana mno: kiwanda kimoja kinabadilisha hatua moja ya uzalishaji na kumaliza, kingine kinalazimika kujenga mtambo mzima.

Katikati ya miaka ya 1960 serikali ya Marekani iliufanyia utafiti mlango wa Mto Delaware na kulinganisha njia kadhaa za kufikia lengo moja. Kwa lengo la miligramu 3 hadi 4 za oksijeni kwa lita, kumwamuru kila mmwagaji apunguze kwa kiwango kilekile kungegharimu takriban dola milioni 20 kwa mwaka. Mpango wa gharama ndogo kabisa, wa kuchagua nani apunguze nini, ungegharimu milioni 7. Tozo moja kwa wote, milioni 12. Tozo inayotofautiana kwa ukanda wa mto, milioni 8.6. Mto uleule na oksijeni ileile.

Msimamo wangu ni kwamba sheria ya kumdai kila mwenye bomba kiwango sawa ni ghali kupita kiasi, na ughali huo ndio unaofanya miji na viwanda kuikwepa. Bora tozo inayofuata hali ya mto, au vibali vinavyouzwa na kununuliwa. Karibuni.

Mhandisi_Bomba

Mkuu Mkondo, umeshusha nondo, ila naomba nikupinge mapema kabla uzi haujaenda mbali.

Unakumbuka Marekani ilivyokuwa kabla ya 1972? Ilikuwa karibu sana na hicho unachokitaka. Sheria ya 1965 iliyataka majimbo yaweke viwango vya ubora wa mto wenyewe, halafu mto ukishindwa kuvifikia atafutwe aliyesababisha. Ikakwama. Kwenye mto wenye mabomba mengi kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole, na ili kumbana mtu ilibidi kuthibitisha kwamba ni uchafu wake, wala si wa jirani, uliouharibu mto. Juni 1969 Mto Cuyahoga ukashika moto pale Cleveland, na haikuwa mara yake ya kwanza kuwaka. Oktoba 1972 Bunge likapitisha sheria mpya licha ya kura ya turufu ya Rais Nixon: hakuna kumwaga kwa bomba bila kibali, na masharti ya msingi ya kibali yanatokana na teknolojia iliyopo, mto uwe na hali yoyote. Kwa mitambo ya majitaka ya miji hiyo ilikuja kumaanisha kuondoa angalau asilimia 85 ya uchafu unaokula oksijeni, na wastani wa mwezi usiozidi miligramu 30 kwa lita.

Ni kweli sheria hiyo haibagui mto mkubwa na mdogo. Lakini mkaguzi akifika bombani anachota sampuli, inapimwa, inaandikwa, kesi imekwisha. Hahitaji modeli ya mto mzima wala shahidi mtaalamu. Zile milioni 20 dhidi ya 7 hazikuhesabu mawakili, wala miaka ya kubishania modeli, wala mishahara ya wakaguzi wa kila ukanda. Ziongeze hizo ndipo tulinganishe.

Chipukizi

Naomba kuuliza wakubwa zangu. Kama mto unajisafisha wenyewe jinsi mleta mada alivyoeleza, si ina maana kiasi fulani cha uchafu hakina madhara kabisa? Kwa nini mtu alipie kile ambacho mto umeshakimeza?

Mkondo

Chipukizi, swali lako ndilo kiini cha uzi huu.

Uwezo wa mto kumeza uchafu ni mali adimu. Kiwanda cha juu kikiutumia wote, mji wa chini hauna kilichobaki, hata kama kila mmoja kwa nafasi yake anamwaga kidogo. Isipowekwa bei, nafasi hiyo anaichukua anayewahi au aliye juu zaidi ya mto. Mwanauchumi Pigou alishaeleza mwaka 1920 kwamba pale hasara inapomwangukia mtu ambaye hayumo kwenye biashara husika, bei ya soko hudanganya, na kodi inaweza kuirekebisha. Mwaka 1968 Dales wa Kanada akaja na wazo la pili: serikali iamue jumla ya uchafu unaoruhusiwa, ikate haki hizo vipande, watu wauziane. Na mfano wake wa kwanza ulikuwa maji, miaka mingi kabla watu hawajaanza kuzungumzia soko la kaboni.

Ila kuna mpaka ambao hapa lazima niutaje. Haya yote ni kwa uchafu unaooza au kuchanganyika ukaisha nguvu. Zebaki, kadimiamu na kemikali za viwandani kama zile za PCB hazioziki. Zinalala kwenye tope, zinaingia kwa samaki, zinapanda hadi kwa mla samaki. Huko mto haujisafishi, na mimi siungi mkono soko wala tozo kwa vitu hivyo. Ni marufuku tu.

Bi Mizani

Nimefurahi mmegusa soko la vibali, maana watu hulisifia au kulitukana bila kuangalia lilipofanyika. Nitaje mawili, moja lilikufa na moja linaishi.

Lililokufa ni la Mto Fox, jimbo la Wisconsin. Mwaka 1981 jimbo liliviruhusu viwanda vya karatasi na mitambo ya miji kuuziana haki za kumwaga. Makadirio ya awali yalionyesha kungekuwa na akiba kubwa. Kwa miaka mingi ya mwanzo ikafanyika biashara moja tu. Sababu zinajulikana: washiriki wachache ambao ni washindani sokoni, masharti kwamba muuzaji na mnunuzi waeleze kwa nini wanahitaji biashara hiyo, muda mfupi wa kibali, na wasiwasi kwamba ukiuza haki yako leo serikali itaona hukuihitaji na kukunyang'anya kesho. Nani auze katika hali hiyo?

Linaloishi ni la Mto Hunter, New South Wales, Australia. Pale tatizo ni chumvi. Migodi ya makaa ya mawe na mitambo ya umeme ina maji ya chumvi ya kutoa, na chini yao kuna wakulima wanaomwagilia. Jaribio lilianza 1995 na kanuni kamili zikaja 2002. Mpango wenyewe naupenda kwa sababu unatii mto. Maji yanayopita kwa siku moja huhesabiwa kama "kipande" kimoja cha mto, nacho hupewa namba yake kikifuatiliwa kuelekea chini. Mto ukiwa na maji machache, hakuna kumwaga hata tone. Maji yakipanda, wasimamizi hukokotoa kipande kile kinaweza kupokea chumvi kiasi gani bila kuvuka kikomo, ambacho pale mjini Singleton ni mikrosimensi 900 kwa sentimita (chumvi hupimwa kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme). Kuna "mikopo" ya chumvi 1,000, yaani haki za kumwaga, si madeni, na kila mmoja humpa mwenye nao ruhusa ya asilimia 0.1 ya chumvi inayoruhusiwa katika kipande hicho. Mafuriko yakija, ukomo wa mikopo huondolewa ila kikomo cha mto hubaki. Mikopo ina muda wa miaka 10 na sehemu yake hupigwa mnada kila baada ya miaka 2, kwa hiyo mgodi mpya hauhitaji kuwapigia magoti wa zamani.

Kwa nini huku kumefanikiwa? Kwanza, chumvi hupimika kwa kifaa kinachokaa mtoni na kutuma namba saa ileile. Pili, migodi ina mabwawa ya kuhifadhi maji, inaweza kusubiri. Mhandisi, hapa modeli ya mto haikuwa mzigo, kwa sababu vipimo vilikuwa vya uhakika na kila mshiriki aliviona.

Mhandisi_Bomba

Bi Mizani, Hunter nakupa. Lakini chumvi ni kitu kimoja na ni rahisi. Sasa nileteeni mto wenye majitaka, naitrojeni, fosforasi, dawa za hospitali na rangi za nguo kwa pamoja, tuone.

Na kuna jambo la "gharama ndogo kabisa" ambalo linanitia hofu kubwa kuliko hilo. Wachumi wa miaka ya 1960 walilisifia sana eneo la Ruhr, Ujerumani, kwamba huko wamefanya uchumi wa mto kwa vitendo. Kulikuwa na vyama vya mabonde ambavyo miji na viwanda vilikuwa wanachama kwa lazima, vikichangia kulingana na uchafu wao. Cha Mto Emscher kilianzishwa 1899, cha Ruhr 1913. Mfumo mzuri kweli, hata mimi nausifu. Lakini angalieni hesabu ilivyoamua: Ruhr ibaki safi kwa maji ya kunywa, Emscher uwe mfereji wa majitaka. Ukanyooshwa, ukasakafiwa kwa zege, ukabeba kinyesi na maji ya migodi wazi juani karne nzima. Hata sababu ya kiufundi ilikuwepo: ardhi ilikuwa ikititia kwa sababu ya uchimbaji wa makaa, mabomba ya chini ya ardhi yangepasuka.

Kiuchumi ilikuwa sahihi kwa wakati ule, watu wa Ruhr walipata maji, viwanda vilipata pa kumwaga. Na waliokaa kandokando ya Emscher? Hawakuwemo kwenye jedwali. Kuanzia 1992 ikaanza kazi ya kuurudisha, kwa kujenga bomba kuu chini ya ardhi na kuondoa zege, na majitaka yalikoma kuingia mtoni mwishoni mwa 2021. Bili imefika takriban yuro bilioni 5.5. Ukimpa mpanga hesabu ruhusa ya kuchagua mto wa kutoa kafara, atachagua ule ambao watu wake hawana sauti. Ndiyo maana natetea kiwango cha chini kwa kila bomba, hata pale modeli inaposema hakihitajiki.

Mkondo

Mhandisi, hoja ya Emscher ni nzito na sitaizunguka. Naikubali sakafu: kiwango fulani kwa kila bomba, bila kujali ukanda. Lakini baada ya sakafu, kazi bado ipo, na ndipo gharama zinapopaa. Wewe mwenyewe unajua kwamba kuondoa asilimia 85 za kwanza ni bei moja, na kutoka 85 kwenda 98 ni bei nyingine kabisa kwa kila kilo. Hapo juu ya sakafu ndipo ninapotaka tozo ifanye kazi.

Kisima Kirefu

Tozo zimeshajaribiwa, wakuu, tena kwa miaka mingi, na matokeo yake hayafanani.

Uholanzi ilianza 1970. Nia haikuwa hata kubadili tabia za watu, ilikuwa kutafuta fedha za kujengea mitambo. Kwa kuwa mitambo ilikuwa ghali, tozo ikapanda, na viwanda vikaona ni nafuu kupunguza uchafu ndani kwa ndani kuliko kuulipia. Uchafu wa viwandani ukashuka sana. Kila mtu alitozwa kwa kipimo cha "mtu mmoja", yaani uchafu ambao mtu wa kawaida hutoa kwa siku, na kiwanda kikahesabiwa ni sawa na watu wangapi. Kipimo rahisi kama hicho mtu hawezi kudanganya kirahisi wala kudanganywa.

Ujerumani ilipitisha sheria yake 1976 na kuanza kutoza 1981. Wao waliunganisha: ukifikia kiwango cha chini kinachotakiwa, tozo inapunguzwa kwa nusu kwa uchafu uliobaki. Mhandisi na Mkondo, ninyi wawili mmebishana hadi mkafika palepale walipofika wao.

Kolombia ilikuja na ubunifu mwaka 1997. Kila bonde liliwekewa lengo la kupunguza uchafu. Lengo lisipofikiwa, tozo ilitakiwa kupanda kila nusu mwaka mpaka lifikiwe. Kwenye karatasi ni mpango mzuri kweli: hakuna haja ya kukisia bei sahihi, bei inajitafuta yenyewe. Kilichotokea ni kwamba mamlaka nyingi za majitaka za miji hazikupunguza na nyingine hazikulipa. Kwa kuwa miji ndiyo ilikuwa na sehemu kubwa ya uchafu, lengo la bonde halikufikiwa, tozo ikaendelea kupanda, na viwanda vilivyokwisha kupunguza vikabebeshwa bei iliyosababishwa na waliokaidi. Ukiwa na mchafuzi ambaye serikali haiwezi kumbana kwa sababu naye ni serikali, bei haimuumi.

Chipukizi

Kisima, kwa hiyo miji ndiyo tatizo kubwa kuliko viwanda?

Kisima Kirefu

Pale ambapo viwanda vimekwisha kubanwa, mara nyingi ndiyo. Kiwanda kikitozwa kinaweza kupandisha bei ya bidhaa au kubadilisha mashine. Mji ukitozwa unatazama wapiga kura wake. Uchafu unateremka kwa watu wengine ambao hawampigii kura meya huyo.

Na hili la watu wa chini ndilo linalonikera kuliko yote. Mpaka wa utawala unapoukata mto, aliye juu anapata faida ya kumwaga na aliye chini anapata hasara. Watafiti waliochunguza Brazili, ambako wilaya zimegawanywa mara nyingi, walikuta uchafuzi ukiongezeka kadiri mto unavyokaribia kutoka kwenye wilaya.

Mfano wa Rhine unafundisha. Migodi ya potashi (madini ya kutengenezea mbolea) ya Alsace, Ufaransa, ilikuwa ikimwaga chumvi nyingi mtoni, na Waholanzi walioko mwisho wa mto wakaumia: maji ya kunywa, bustani zao za mboga na maua. Mwaka 1976 nchi zilikubaliana Bonn kupunguza chumvi ile, na gharama zikagawanywa hivi: Ufaransa asilimia 30, Ujerumani 30, Uswisi 6, na Uholanzi asilimia 34. Soma tena hiyo ya mwisho. Aliyeumizwa alichangia zaidi ya wote. Hata hivyo utekelezaji ulichelewa, maana watu wa Alsace waliogopa mpango wa kuisukuma chumvi hiyo chini ya ardhi yao, na mkataba ulianza kufanya kazi 1985. Mwaka uleule wa 1976 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba aliyeharibiwa mazao anaweza kushtaki ama kule uchafu ulikotoka ama kule hasara ilikotua. Uamuzi huo uliwapa watu wa chini silaha ambayo mkataba haukuwapa.

Kanuni ya mchafuzi alipe inapendeza, lakini haijibu nini kifanyike pale mchafuzi yuko nje ya mamlaka yako na mto hauwezi kusubiri.

Bi Mizani

China walilijibu kwa namna yao. Mto Xin'an unatoka Anhui na kuingia Zhejiang, mkoa tajiri zaidi. Kuanzia 2012 mikoa miwili iliwekeana dau: maji yakifika mpakani yakiwa yamekidhi kiwango, Zhejiang ingeilipa Anhui yuan milioni 100 kwa mwaka. Yasipokidhi, Anhui ndiyo ingeilipa Zhejiang kiasi hichohicho. Serikali kuu nayo iliongeza fedha zake. Ninachokipenda ni kwamba malipo yanakwenda pande zote mbili kulingana na kipimo kimoja mahali pamoja. Hakuna anayebishana nani kamwaga nini huko juu. Anhui wenyewe watawatafuta wachafuzi wao.

Lakini hatari ipo hapohapo kwenye kipimo. Utafiti uliochapishwa 2020 uliangalia viwanda vya China vilivyo juu kidogo ya vituo vya kupimia maji na vile vilivyo chini kidogo ya vituo hivyohivyo. Vya juu, ambavyo uchafu wake husomwa na kituo, vilibanwa zaidi na tija yao ikashuka ikilinganishwa na vya chini. Maofisa walisafisha namba za kituo kwa sababu ndizo walizopimwa nazo. Ukiweka kituo kimoja, unapata mto safi palipo na kituo.

Shamba la Bonde

Nimesoma uzi wote na nasubiri mtu ataje mashamba. Mimi ni mkulima, nisemewe au nijisemee?

Ninyi mnazungumza mabomba. Shamba halina bomba. Mvua ikinyesha, mbolea na samadi vinateremka kutoka kila upande, kingine kinazama chini na kutokea kwenye chemchemi baada ya miaka. Sheria ile ya Marekani ya 1972 mnayoisifia inadai kibali cha bomba, wala haigusi maji ya mvua yanayotiririka kutoka shambani. Agosti 2014 mji wa Toledo uliwaambia watu wapatao nusu milioni wasinywe maji ya bomba kwa sababu ya sumu ya mwani katika Ziwa Erie, na fosforasi nyingi inayolisha mwani ule huletwa na Mto Maumee kutoka mashambani. Kwa hiyo nakubali, sisi ni sehemu ya tatizo.

Ila msije na tozo ya kilo kama ya kiwandani. Kilo gani, iliyotoka shamba la nani? Jirani yangu wa juu akiweka samadi kabla ya mvua, mfereji unapita kwangu. Mtamtoza nani?

Lililofanya kazi kwa wakulima nalijua moja. Jiji la New York linapata maji yake mengi kutoka milima ya Catskill. Miaka ya 1990 lilikabiliwa na ujenzi wa mtambo wa kuchuja uliokadiriwa dola bilioni 6 hadi 8. Mwaka 1997 likasaini makubaliano na wenyeji wa milimani, likatumia sehemu ndogo ya fedha hizo kununua ardhi kwa wanaotaka kuuza, kutengeneza mifumo ya majitaka ya vijiji, na kuwalipia wakulima uzio wa kuzuia ng'ombe wasiingie kwenye vijito na sehemu bora za kuhifadhia samadi. Jiji lilikuja kama mshirika mwenye hela mkononi, na wakulima wakafungua milango.

Mkondo

Ndugu mkulima, karibu sana, umeujaza uzi pengo lake kubwa. Swali langu: jiji lenye fedha linaweza kuwalipa watu wa juu. Mto wenye watu maskini chini yake na mashamba makubwa ya kibiashara juu yake, nani amlipe nani? Huko naona bora tozo kwenye mbolea yenyewe inaponunuliwa, hata kama haijui itatua wapi.

Shamba la Bonde

Tozo ya mbolea humpiga hata anayeitumia kwa uangalifu. Anayeweka kiasi kinachotakiwa na wakati unaofaa analipa sawa na anayemwaga ovyo. Umoja wa Ulaya ulichagua njia nyingine 1991: samadi isizidi kilo 170 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka kwenye maeneo yaliyo hatarini, na kuna miezi ambayo haziruhusiwi kabisa kusambazwa. Hata hivyo mito mingi huko haijafika pazuri. Lengo la sheria yao ya maji ya mwaka 2000 lilikuwa mito yote iwe katika hali njema ifikapo 2015, muda ukasogezwa hadi 2027, na tathmini ya 2018 ilionyesha asilimia 40 tu ya maji ya juu ya ardhi yalikuwa na hali njema ya kiikolojia. Fosforasi iliyokwisha kulala udongoni huendelea kutoka hata ukiacha kuweka mbolea leo. Mkimwahidi mlipa kodi matokeo ndani ya miaka mitano, mtamvunja moyo na fedha zitakatwa kabla mto haujapata nafasi.

Bi Mizani

Hilo la fedha kukatwa ni la kweli. Mwaka 2019 wanauchumi Keiser na Shapiro walichapisha utafiti kuhusu ruzuku zilizotolewa chini ya sheria ya 1972 kujenga mitambo ya majitaka. Walithibitisha kwamba mito ilisafika. Walipoangalia bei za nyumba karibu na mito hiyo, ongezeko lake lilikuwa takriban robo ya gharama za ruzuku. Wengine wakarukia kusema basi haikustahili.

Mimi nasema bei ya nyumba hainasi kila kitu. Haimhesabu anayevua kwa ajili ya chakula na hana nyumba ya kuuza. Haihesabu dawa au kemikali ambazo hazionekani wala kunusika, maana mnunuzi hawezi kulipia asichokijua. Haihesabu bahari inayopokea naitrojeni mwisho wa mto. Nautambua utafiti huo, ni kazi safi, ila usitumiwe kama hukumu ya mto mzima.

Mhandisi_Bomba

Nirudi kwenye vipimo, kwa sababu naona kila njia mliyoitaja inaning'inia hapo: Hunter, Xin'an, Kolombia, hata zile tozo za Uholanzi.

Kipimo cha kawaida cha uchafu unaokula oksijeni huchukua siku 5 maabara, chupa ikikaa kwenye nyuzi 20 gizani. Tozo au soko haliwezi kuendeshwa kila siku kwa jibu linalokuja Ijumaa kuhusu maji yaliyopita Jumapili. Wajerumani kwenye tozo yao waliamua kutumia oksijeni inayohitajika kikemikali, ambayo jibu lake hupatikana kwa saa chache, wakaongeza naitrojeni, fosforasi, metali nzito na jaribio la sumu kwa mayai ya samaki. Kifaa cha kupima chumvi au oksijeni iliyoyeyuka kinaweza kukaa mtoni usiku na mchana. Cha kupima dawa za kuulia wadudu kwa uhakika huo bado ni kazi ya maabara.

Kwa hiyo Mkondo, pendekezo lako la tozo ya ukanda nalikubali kwa sharti hili: kila uchafu uingie kwenye tozo siku tu ambayo una kipimo cha haraka na vituo viwili au zaidi katika kila ukanda, kimoja kikiwa juu tu ya mpaka wa utawala na kingine kikihamahama bila taarifa. Ambao hauna kipimo hicho ubaki chini ya sakafu ya bomba. Na vituo visimilikiwe na mamlaka inayolipwa au kulipishwa kwa namba zake. Chama cha bonde kama cha Ruhr kinaweza kuvimiliki, ilimradi watu wa chini ya mto wawe na kura humo, si wachangiaji wakubwa peke yao.

Mkondo

Sharti nimelikubali, pamoja na la kura. Nina nyongeza moja tu: kituo kinachohamahama kifanye kazi zaidi kiangazi, maji yakiwa machache, kwa sababu ndipo oksijeni inapoisha na ndipo mmwagaji anapotamani zaidi kisiwepo.